Motere zinazokula umeme mwingi zafungiwa mlango Ulaya: Kongo inaguswa vipi?

Tangu tarehe 1 Julai 2021, kiwanda cha Ulaya kinachotaka motere mpya ya umeme hakipati tena ile ya bei ya chini iliyozoeleka. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1781 inakataza kuingiza katika soko hilo motere za kawaida za fazi tatu, kuanzia kilowati 0.75 hadi 1,000, kama hazifikii daraja linaloitwa IE3. Tarehe 1 Julai 2023 kamba ilikazwa tena: motere nyingi za kati ya kilowati 75 na 200 sasa zinadaiwa daraja la IE4.

Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Butembo wala Likasi. Hata hivyo inafika huko. Sehemu ya shaba inayozungushwa ndani ya motere hizo inatoka Katanga ya Juu na Lualaba. Motere zinazong'olewa katika viwanda vya wenzetu zinaweza kuuzwa tena katika inchi ambazo hazina sheria kama hiyo. Na katika inchi ambamo mtu 1 tu kwa 5 hivi ndiye anayepata umeme, kila kilowati inayopotea bure ndani ya chuma ni kilowati ambayo jirani angeitumia.

Motere ya umeme ni kitu ambacho watu hawakiangalii. Imefichwa nyuma ya mashini ya kusaga mihogo, chini ya pompi ya maji ya mji, ndani ya kiwanda cha bia, kwenye feni inayopeleka hewa shimoni kwa wachimbaji. Lakini ndiyo mlaji mkubwa wa umeme duniani. Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa hesabu mwaka 2011: mashini zote zinazosukumwa na motere zilikuwa zinakula kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote wa dunia, na umeme huo ulikuwa unaleta tani milioni 6,040 hivi za hewa ya kaboni kila mwaka. Taa, ambazo kampeni nyingi za kubana umeme zilianzia kwake, zinakuja nyuma sana.

Motere haigeuzi umeme wote kuwa nguvu ya kuzungusha. Sehemu moja inapotea kama joto, katika waya wa shaba, katika bati za chuma zilizopangwa ndani, katika rulimani na feni yake yenyewe. Mtu akiweka mkono juu ya motere iliyofanya kazi saa tatu, joto analosikia ni umeme aliokwisha kulipa. Madaraja ya IE, yaliyowekwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme mwaka 2008, yanapima upotevu huo tu: IE1 ndiyo inayopoteza zaidi, halafu zinafuata IE2, IE3 na IE4.

Ulaya haikuwa ya kwanza. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1992, ikaanza kutumika kwa motere mwaka 1997, na ikaikaza mwishoni mwa 2010. China, inayotengeneza motere nyingi kuliko inchi nyingine, ilipandisha kiwango chake hadi IE3 tarehe 1 Juni 2021, mwezi mmoja tu mbele ya Ulaya. Hilo lina maana kubwa kwa Afrika, kwa sababu motere mpya nyingi zinazouzwa Goma, Bukavu au Lubumbashi zinatoka China. Lakini kiwango cha soko la ndani la inchi fulani si lazima kiwe kiwango cha bidhaa inazouza nje, na mnunuzi asiyeuliza atauziwa kile kilichoko dukani.

Tume ya Ulaya inakadiria kwamba sheria za motere zitaokoa kilowati-saa bilioni 110 kila mwaka kufikia 2030, na kuzuia tani milioni 40 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Ni kama kuzima umeme wote wa Uholanzi bila mtu yeyote kukaa gizani.

Hesabu ya mashini moja

Tuchukue motere ya kilowati 11, ukubwa unaotosha kusukuma mashini ya kusaga unga wa fufu au mahindi. Kwa daraja la IE1, motere ya aina hiyo inayozunguka mara 1,500 hivi kwa dakika inageuza asilimia 87.6 ya umeme kuwa nguvu. Kwa IE3 ni asilimia 91.4. Tofauti inaonekana ndogo, hata ya kuchekesha. Lakini ikifanya kazi saa 4,000 kwa mwaka na mzigo kamili, ya kwanza inakula karibu kilowati-saa 50,200, ya pili karibu 48,100. Zimeokolewa karibu 2,090 kwa mwaka mmoja, na motere nzuri inaishi miaka 15 au zaidi. Kwa maisha yake yote, bei ya kuinunua ni sehemu ndogo kabisa ya gharama. Zaidi ya asilimia 95 inakwenda kwenye umeme.

Ukweli ni kwamba mashini nyingi za mtaani hazifanyi kazi saa 4,000, wala hazibebi mzigo kamili muda wote, kwa sababu mteja anamwaga beseni lake, anasagiwa, anaondoka, na mashini inazunguka bure ikimngoja anayefuata. Faida inapungua hapo. Lakini haifiki sifuri.

Sasa, kilowati-saa hizo 2,090 zinaokoa nini katika mazingira? Hapa ndipo hesabu ya Ulaya na ya Kongo zinapoachana, na ndipo wengi wanaonakili sheria za Ulaya bila kufikiri wanapopotea njia.

Polonia, ambako kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme imekuwa inatoka kwenye makaa ya mawe (si makala ya kupikia, ni yale yanayochimbwa ardhini), kila kilowati-saa ya makaa inatoa karibu kilo moja ya hewa ya kaboni. Motere yetu ya kilowati 11 ingeokoa huko karibu tani 2 kwa mwaka. Kongo, umeme wa mtandao unatoka karibu wote kwenye maji: Inga, Nseke, Nzilo, Ruzizi. Maji hayatoi moshi. Mtu akiunganisha motere ileile kwenye kabine ya SNEL, hewa ya kaboni anayozuia moja kwa moja ni kama hakuna.

Je, basi haina faida? Ingekuwa hivyo kama umeme ungekuwepo muda wote. Hauko. Delestaji inapopita mtaani, mwenye mashini hafungi mlango. Anawasha jenereta, ile grupu iliyoko uani, na mazutu inaanza kuwaka. Jenereta ndogo inakula karibu lita 1 kwa kila kilowati-saa 3. Kilowati-saa 2,090 ni lita 700 hivi za mazutu, na kila lita ikichomwa inatoa kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Jumla ni tani 1.9. Kwa maneno mengine, motere inayosukumwa na grupu mjini Butembo inachafua hewa karibu sawa na ile inayosukumwa na makaa ya mawe ya Polonia, na kuibadilisha kunaleta faida karibu ileile. Akitumia grupu nusu ya mwaka tu, bado ni lita 350 ambazo hazikununuliwa wala kuwaka karibu na dirisha la jirani.

Na hata pale ambapo umeme ni wa maji, umeme uliookolewa hautulii mfukoni mwa mtu. Mtandao wa mashariki umebanwa. Ruzizi I, ya mwaka 1958, ina megawati zipatazo 30, na Ruzizi II, ya mwaka 1989, ina karibu 44 zinazogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Taka za plastiki kutoka Ziwa Kivu zimekwisha kuzuia mashini zao mara nyingi. Katika mtandao kama huo, kilowati inayotoka kwenye motere ya kiwanda inaliwa papo hapo na mtaa mwingine. Wataalamu wa Ulaya wanalalamikia jambo hilo: unabana huku, watu wanatumia kule, faida inapotea. Kwa Bukavu si hasara. Nyumba inayopata umeme wa kupikia ni nyumba inayonunua magunia machache ya makala, na makala ya Kivu yanatoka msituni, mengine ndani ya mbuga ya Virunga yenyewe.

Motere inayotoka Ulaya

Sheria ya Ulaya inahusu motere mpya. Haimlazimishi mwenye kiwanda kung'oa ile anayoitumia, na haiifuati motere iliyong'olewa hadi inakofika. Motere ya IE1 ikiondolewa kiwandani Ubelgiji, inaweza kuvunjwa na shaba yake kuyeyushwa upya, au kupakiwa katika kontena na kuuzwa kama kitu kinachofanya kazi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unadai kwamba taka yoyote ya vifaa vya umeme isivuke mpaka bila inchi inayoipokea kukubali. Lakini motere inayozunguka si taka. Ni okazioni, na inapita.

Kwa mazingira ya dunia, hesabu hiyo ni mbovu. Motere iliyoondolewa Ulaya ili isipoteze umeme inaendelea kupoteza kilekile mahali ambapo umeme ni haba zaidi. Mnunuzi anaona chuma kizito, rangi nzuri, jina la kampuni kubwa ya Ujerumani au Italia, na anajua kwamba kitu cha okazioni cha Ulaya mara nyingi kinadumu kuliko kipya cha bei rahisi. Katika hilo hakosei. Anachokosa ni kusoma kibati kilichopigiliwa ubavuni. Kama kimeandikwa IE2 au IE3, anajua anachonunua. Kama kimeandikwa EFF2, hiyo ni lugha ya Ulaya ya kabla ya 2008 na ni sawa na IE1; EFF1 ni karibu na IE2. EFF3, au kibati kisicho na herufi yoyote, ni afadhali kukiacha, hasa kwa mashini itakayofanya kazi mchana kutwa.

Lakini hata IE3 mpya kabisa inaweza kumdanganya mwenye nayo. Motere yenye upotevu mdogo kwa kawaida inazunguka haraka kidogo kuliko ile ya zamani. Tuseme ya zamani ilikuwa inapiga mizunguko 1,450 kwa dakika, na mpya 1,470. Kwa mashini ya mkanda, fundi anabadilisha puli na mambo yanaisha. Kwa pompi au feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye motere, nguvu inayodaiwa inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: asilimia 1.4 ya mwendo inakuwa asilimia 4 ya umeme. Faida yote imemezwa, na bili ya mwisho wa mwezi inafika ileile. Mwenye kiwanda anasema amedanganywa, wakati kosa ni kwamba hakuna aliyepima mwendo kabla ya kubadilisha.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinacholipa zaidi. Pompi ikipunguziwa mwendo kwa asilimia 20, umeme inaodai unashuka hadi karibu nusu. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa variateri. Viwanda vingi, hapa na kwingine, bado vinaiacha motere ikimbie kwa nguvu zake zote huku fundi akibana maji kwa vana, sawa na dereva anayekanyaga gazi na breki pamoja. Kuweka variateri kwenye pompi kama hiyo kunaokoa umeme mara nyingi zaidi kuliko kuruka kutoka IE1 hadi IE4.

Kuna pia ubora wa umeme wenyewe. Fazi tatu zinapaswa kuwa na volti sawa. Zikitofautiana kwa asilimia 3.5 tu, jambo la kawaida mwishoni mwa laini ndefu iliyobebeshwa nyumba nyingi, joto la ziada ndani ya motere linaongezeka kwa karibu robo. Na kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango zinakata nusu ya maisha ya vernisi inayokinga waya. Motere ya daraja lolote ikifungwa kwenye laini kama hiyo itaungua, na pamoja nayo zitaungua shaba, chuma na umeme uliotumika kuitengeneza.

Shaba inayoondoka, taka zinazobaki

Kupunguza upotevu ndani ya motere kunadai vitu vinavyoonekana: shaba nyingi zaidi, bati za chuma bora na nyingi zaidi. Mtengenezaji anaongeza kipimo cha waya ili umeme upite bila kupata joto. Kwa hiyo kila hatua ya sheria, Ulaya, China au Marekani, ni pia oda ya shaba, na oda hiyo inafika Kolwezi. Kongo leo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile.

Kwa kipimo cha dunia nzima, biashara hiyo inalipa: umeme unaookolewa na kilo chache za shaba zilizoongezwa kwa kawaida unafidia haraka sana ule uliotumika kuichimba na kuisafisha. Lakini anayepumua hewa safi na anayekunywa maji machafu si mtu mmoja. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulipasuka Chambishi, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na karibu lita milioni 50 za maji ya asidi zikamwagika katika mito inayoingia Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Hakuna safu ya Chambishi katika hesabu ya tani milioni 40.

Upande wa motere zenye sumaku za kudumu, ambazo ndizo zinazofikia madaraja ya juu kabisa kwa wepesi, jirani yetu Burundi anaijua hadithi hiyo. Sumaku hizo zinadai madini adimu kama neodimiamu. Mgodi wa Gakara, karibu na Bujumbura, ulianza kuyauza nje mwishoni mwa 2017. Mwaka 2021 serikali ya Burundi iliusimamisha, ikisema inchi haipati haki yake. Motere nyingi za IE3 na hata IE4 hazihitaji sumaku hizo, na ni vizuri wanaotunga sheria walikumbuke hilo kabla ya kudai daraja la juu zaidi.

Migodi ya Katanga yenyewe ni walaji wakubwa wa motere. Vinu vikubwa vya kusaga mawe vinabeba sehemu kubwa ya umeme, lakini motere zake zinapita kilowati 1,000, ziko nje ya sheria ya Ulaya, na tayari zina upotevu mdogo. Faida iko kwenye zile zisizotajwa: mamia ya pompi, feni na mikanda ya kubebea mawe. Kuhusu pompi, Kipushi haihitaji kufundishwa. Mwanzoni mwa 2011, baada ya miaka mingi ya matengenezo hafifu, pompi za mgodi huo zilishindwa, maji yakapanda hadi mita 851 chini ya uso wa ardhi, na ilichukua miaka kuyatoa. Uzalishaji ulirudi mwaka 2024.

Umeme wa migodi hiyo unasafiri kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa laini iliyokamilika mwaka 1982, na hautoshi. Kampuni zinanunua umeme kwa majirani na kuwasha jenereta kubwa za mazutu. Kamoa-Kakula ililipia ukarabati wa turbini namba 5 ya Inga II, megawati 178. Ni kazi nzuri. Lakini megawati inayoacha kupotea kiwandani Lualaba haihitaji bwawa wala laini, na inapatikana palepale inapotakiwa.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta kwa wawekezaji na kuweka mamlaka ya kuisimamia. OCC inakagua bidhaa mipakani, Kasumbalesa, Kasindi. Kusoma kibati cha motere na kuandika herufi zake katika hati ya kuingiza bidhaa hakudai maabara, na kungeipa serikali kitu ambacho kila inchi iliyotunga sheria ilianza nacho: kujua ni motere gani zinaingia, za daraja gani, na zinakwenda wapi.

Kuna watu wengine ambao sheria yoyote itawapita kama haikuwafikiria: mafundi wa kubobina. Motere ikiungua Beni au Uvira, haitupwi. Inapelekwa kwa fundi, anatoa waya wa zamani na kuzungusha mpya. Ni kazi inayookoa chuma na kulisha familia. Utafiti wa mwaka 2003 wa vyama vya warekebishaji wa Marekani na Uingereza ulionyesha kwamba motere ikibobinwa vizuri inabaki na daraja lake. Tatizo ni moto. Fundi asiye na tanuru anachoma waya wa zamani kwa kuni au tairi, joto linapita kiasi, kinga kati ya bati za chuma inaungua, na motere inarudi kwa mwenyewe ikiwa inazunguka vizuri lakini inakula zaidi. Moshi wa vernisi anaumeza yeye na watoto wa jirani. Tanuru yenye kipimajoto, inayokaa chini ya nyuzi 370 hivi, pamoja na waya wa unene uleule uliokuwemo, ndivyo vinavyotofautisha kazi hizo mbili.